Karibu na Gharibu: Dua Iliyosahaulika katika Utendi wa Mwana Kupona

Kuna tungo ambazo sisi wanafunzi wa fasihi tunazisoma nusu. Utendi wa Mwana Kupona ni mmojawapo, na tena huu tunausoma nusu makusudi. Muulize mwanafunzi yeyote, awe wa mwaka wa kwanza au wa tatu, utendi huu unahusu nini. Atakujibu papo hapo: "Si ule wa mama anayemfundisha bintiye kumtumikia mume?" Halafu basi. Mjadala unahamia kwenye ukandamizaji wa mwanamke, wawili watatu wanapandisha sauti, mmoja anasema eti tusimhukumu mtu wa karne ya 19 kwa macho ya leo, na kipindi kinakwisha. Dua ndefu inayoufunga utendi huo haikuguswa. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa kwamba tendi zote zina dua. Ni desturi ya fani.

Mimi sikubaliani na jibu hilo. Simtetei Mwana Kupona dhidi ya wanaomshutumu, maana shutuma zao zina msingi na nitazirudia hapa chini. Ninachosema ni kwamba dua ile si mkia. Ndiyo sehemu ambayo mtunzi anazungumza akiwa na hofu ya kweli, hana wa kumfundisha wala wa kumwonyesha adabu zake, na hapo ndipo mambo aliyoyasema mwanzoni yanapoanza kutikisika.

Kwanza tumweke mtunzi mahali pake. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, katika visiwa vya mwambao wa kaskazini wa Kenya ya leo. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulioko kwenye kisiwa hicho hicho. Bwana Mataka hakuwa mtu wa kuchezewa. Katika miaka ya 1840 Sayyid Said wa Zanzibar alipeleka majeshi Siyu, na majeshi yakarudi yamepigwa. Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki. Sayyid Said naye alifariki mwaka huo huo, lakini kifo chake hakikuleta amani, kwani uhasama baina ya Siyu na Zanzibar uliendelea mpaka Siyu ikashindwa katika miaka ya 1860. Utendi uliandikwa mwaka 1275 wa Hijria, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa 1858. Yaani mtunzi ni mjane wa miaka miwili, katika mji ambao adui yake hajakata tamaa, na mwenyewe anasema kwamba amekuwa mgonjwa kwa muda wa mwaka mzima. Ana watoto. Binti yake, Mwana Hashima, ndiye anayeitwa kuja kuupokea wasia.

Ukiyaweka hayo yote pamoja unapata mtu mwenye hofu, na sijui tunawezaje kuusoma wasia wake kama kitabu cha unyumba. Mtu mwenye afya yake hutoa ushauri, lakini anayedhani hataamka kesho hutoa wasia, na mambo hayo mawili si sawa hata kama maneno yake ni yale yale.

Lawama nyingine iwaendee wahariri. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutoa utendi huu kitabuni pamoja na tafsiri, na jina la Kiingereza walilolipa kitabu hicho linasema waziwazi kwamba haya ni mawaidha ya Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Jina hilo limekuwa kama miwani. Tangu hapo kila anayeufungua utendi anatafuta wajibu wa mke, na kwa kweli anaupata, kwa kuwa umo. Anachokosa ni kuona kwamba sehemu hiyo inaanza na kumalizika, na kwamba baada yake bado kuna utendi. Nafurahi kwamba sisi wa leo tunao Tenzi Tatu za Kale wa M. M. Mulokozi (TUKI, 1999), ambamo utendi huu umewekwa pamoja na Fumo Liyongo na Al-Inkishafi. Kukaa tu jirani na Al-Inkishafi kunatosha kumfanya msomaji ajiulize juu ya Mungu kabla ya kujiuliza juu ya mume.

Tuanze na mwanzo. Kitu cha kwanza anachokifanya Mwana Kupona ni kumwita bintiye asogee. Hamwambii asikilize, hamwambii azingatie, hayo yanafuata. Kwanza aje karibu. Hebu mfikirie mgonjwa kitandani ambaye sauti yake haifiki mbali. Anamtaka mtoto aje na wino na karatasi, na akishakaribia aandike kwanza jina la Mungu, kisha amtaje Mtume. Neno lile lile la Kiarabu lililotupa "karibu" yetu ya mlangoni ndilo linalotumika katika dini kwa kitendo cha mja kujisogeza kwa Mola wake. Kwa hiyo katika beti chache za mwanzo mtoto anasogea kwa mama, na kalamu inasogea kwa jina la Mungu. Ukaribu wa aina mbili umefungwa pamoja kabla hata nasaha moja haijatolewa.

Halafu ruka mpaka mwishoni, pale mtunzi anapojitambulisha. Desturi ya tendi ni mtunzi kutaja jina, asili na tarehe, naye anavitaja. Lakini anajiita pia gharibu, mgeni asiye na kwao, mwenye hamu. Jamani, huyu ni mke wa mtawala! Amezaliwa Pate, ameolewa Siyu, kwenye kisiwa hicho hicho. Ugeni huo ni wa nini? Najua kuna watakaosema ni unyenyekevu wa kawaida wa washairi, na kwamba neno hilo lipo kwa wengine pia. Sawa. Lakini sikio la Mswahili linasikia "karibu" mwanzoni na "gharibu" mwishoni, na hata kama kwa Kiarabu mashina yake ni mbalimbali, kwetu milio hiyo inagongana. Aliyemwita mwenziwe karibu anamaliza akiwa yeye mwenyewe ndiye mgeni. Utendi mzima umo katika safari hiyo, na dua ndiyo sehemu yake ngumu zaidi.

Kuna jambo jingine la mwanzoni linalopitwa haraka. Mama anamwahidi bintiye hirizi, tena aifunge vizuri kwa uzi, na pia pambo la shingoni la lulu na marijani. Kumbe hirizi yenyewe ni maneno. Wahakiki wengi wameona hapa sitiari nzuri wakaendelea mbele. Mimi nadhani si pambo tu la lugha. Hirizi katika mwambao ni maandishi matakatifu yanayokaa juu ya ngozi ya mtu. Huvalishwa mtoto mchanga, mgonjwa, msafiri, yaani kila ambaye ana sababu ya kuogopa. Anayevaa hirizi anataka ulinzi wa Mungu uwe karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono. Mama anayejua kwamba mikono yake itakosekana anatafuta kitu kitakachobaki mwilini mwa mtoto. Na historia ya utendi huu inamuunga mkono, maana wanawake wa upande wa Lamu waliunakili na kuuhifadhi kwa moyo.

Sasa tufike kwa mume, maana siwezi kumkwepa. Mwana Kupona anasema kwamba mwanamke ana radhi tano za kutafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Na hiyo ya tano, siku ya kiyama, ndiyo itakayoamua aende wapi. Mume akitaka mkewe aende peponi, ataingia. Asipotaka, ni moto. Hapa ndipo wenzetu wanapochemka, nami siwalaumu. Tatizo ni kubwa kuliko kufagia nyumba na kujifukiza udi. Ni tatizo la theolojia. Kurani inasema kwamba Mungu yu karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake, na hapa mtu mwingine amewekwa katikati, mlangoni, ameshika funguo. Kama ndivyo, mwanamke anayeogopa usiku amwite nani? Amwamshe mlinda mlango kwanza? Na utendi huo huo umekwisha kumkataza kumwamsha mume aliyelala!

Ann Biersteker aliandika mwaka 1991 akionyesha kwamba utendi huu unaweza kusomwa kama kauli ya mwanamke anayejua jinsi lugha na mamlaka vinavyokwenda pamoja, si kama utiifu mtupu. Ni hoja nzuri, na imewasaidia wengi kuurudia utendi kwa macho mapya. Lakini hoja ya aina hiyo inategemea sana beti zile zile za mume, tofauti ni kwamba zinasomwa kwa jicho la pembeni. Mimi naona jibu halimo humo. Jibu limo katika dua, kwa sababu katika dua Mwana Kupona anafanya kinyume cha alichofundisha.

Tazama anavyoomba. Mume amekwisha kufa. Amesimulia jinsi walivyoishi kwa amani, na jinsi alivyokufa akiwa radhi naye. Mtu angetegemea kwamba radhi hiyo sasa ndiyo itakuwa hati yake: "Ee Mola, mume wangu aliniridhia, basi nami niridhie." Ingekuwa hoja safi, inayofuata moja kwa moja kutoka kwenye nasaha zake. Lakini sivyo dua inavyokwenda. Inamgeukia Mungu moja kwa moja, kwa majina yake na kwa rehema yake. Inamweleza maradhi. Inamkabidhi watoto kama mtu anavyomkabidhi jirani mwaminifu mzigo wake kabla ya safari. Inawataja ndugu na wapendwa, inazidi kupanuka hadi kuwafikia Waislamu wote, kisha inarudi tena kwa nafsi moja, dhaifu, inayoomba ipozwe. Hakuna mlinda mlango. Aliyemfundisha binti kwamba njia inapita kwa mume, mwenyewe alipoingiwa na hofu hakupita huko.

Najua jibu litakalotolewa: alikwisha kupewa ruhusa, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuitaja tena. Inawezekana. Hata hivyo ningependa mwenye jibu hilo anieleze kwa nini sauti inabadilika. Katika nasaha sauti ni ya mtu anayejua. Inaamrisha, inapanga, inafahamu saa ya kulala na saa ya kuamka, inafahamu ndevu na nywele na manukato. Katika dua sauti hiyo hiyo inaomba, na inaomba kwa kurudiarudia, kama anayebisha hodi na hajasikia mtu ndani. Tunaambiwa darasani kwamba kurudiarudia ni mbinu ya kisanaa ya kusisitiza. Wagonjwa nao hurudiarudia.

Niseme kidogo juu ya vina, maana bila fani hakuna uhakiki. Utendi una vipande vinne katika ubeti, mizani minane kila kipande. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina cha utendi mzima, mlio wa -ia au -ya unaosikika toka mwanzo hadi mwisho. Kina hiki kimetumika katika tendi nyingi, kwa hiyo simpi Mwana Kupona sifa ya kukibuni. Lakini -ia kwa Kiswahili ni pia mlio wa kauli ya kutendea: kupatia, kufanyia, kutakia. Ni mlio wa kitendo kinachomwelekea mtu. Katika sehemu ya mume kina hiki kinaweza kupita bila kusikika, kama saa ya ukutani. Ukifika kwenye dua ghafla unakisikia, kwa sababu sasa kila ubeti unaelekea mahali, kuna anayesemeshwa. Fani iliyokuwa chombo tu cha kukumbukia sasa inafanya kazi ya kuita. Ukitaka kuhakikisha, usiusome kwa macho, usome kwa sauti, ikiwezekana na mtu wa Lamu akurekebishe Kiamu chako. Changu kilirekebishwa mara nyingi.

Kuna jambo ambalo nalisema kwa tahadhari. Zile beti za kumhudumia mume zina ujuzi wa mwili: namna ya kumkanda, kumpepea, kukaa karibu na aliyelala bila kumshtua, kumtazama kama mtoto asiyejua kusema. Tumezoea kuuliza ni nani anayenufaika na huduma hiyo. Swali ni halali. Lakini tuulize pia ni nani aliyekuwa akiyafikiria hayo, na katika hali gani. Ni mgonjwa wa mwaka mzima. Anayeeleza kwa undani hivyo jinsi mtu anavyopaswa kupepewa na kukandwa ni mtu ambaye mwenyewe anahitaji mkono wa mtu, na wa kwake amekufa. Sidai kwamba Mwana Kupona alikusudia hivyo. Nadai kwamba anapofika kumwomba Mungu ampoze, msomaji ameshajazwa picha za kutunzwa, na picha hizo haziachi kufanya kazi kwa sababu tu mada imebadilika.

Jina lake nalo linanisumbua. Kupona! Mtunzi anayeomba apone anatia saini kwa neno hilo hilo. Pengine nalazimisha, maana jina alipewa na wazazi, si na mhakiki. Lakini mtunzi aliyelelewa katika ushairi wa mwambao, ambao unapenda neno lenye mafumbo mawili, hangeweza kuliandika chini ya dua ya ugonjwa bila kulisikia.

Tofauti na Al-Inkishafi itatusaidia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye anaogopa, tena pengine anaogopesha zaidi. Anayatazama magofu ya Pate, majumba yaliyokuwa na taa na watu, sasa yamebaki kwa popo na wadudu, naye anauhutubia moyo wake: unangoja nini? Mwishoni anaorodhesha moto kwa majina yake. Ni utungo mkubwa, sina ubishi, na kwa ufundi wa picha unampita Mwana Kupona mbali. Ila hofu yake ni ya mtu anayehubiri. Mungu wa Al-Inkishafi ni hakimu aliyekaa mwisho wa barabara, na kazi ya hofu ni kumfanya mtu ajirekebishe kabla ya kufika huko. Sehemu kubwa ya utungo ni mazungumzo ya mtu na moyo wake. Mwana Kupona hana nafasi ya kujirekebisha, kesho yake ni fupi. Anataka Mungu aje sasa, chumbani, kabla ya barabara kwisha. Hofu ya kwanza inatufanya tufikiri. Hii ya pili, kwa kweli, haitufundishi kitu, na labda ndiyo maana mitihani haiipendi.

Wapo pia wenzetu wa mrengo wa kushoto watakaosema kwamba dua ni kilevi, kwamba badala ya kumpa binti silaha mama anampa Mungu. Kwa tungo nyingine hoja hii ina nguvu. Hapa naiona inateleza, kwa sababu inadhani kwamba dua imekuja badala ya tendo. Mwanamke huyu ametenda. Katika ugonjwa wake ametunga beti mia moja na zaidi, kwa vina na mizani, amemwandikisha mtoto, na amewaagiza wanawake wote wausome ili wasije wakabeba lawama. Mtu aliyelewa hafanyi kazi kiasi hicho. Linganisha na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya andiko lake "Kenya: Twendapi?" na kutunga gerezani mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Tunausifu msimamo wake, na tunasema udhaifu wa mwili haukuuzima utunzi. Mbona mgonjwa wa Siyu tunampunguzia maksi kwa kuwa aliinua mikono?

Ninalomlaumu Mwana Kupona mimi ni jambo tofauti. Alimpa binti yake ile njia ndefu, yenye mlinda mlango, na ile fupi akajiwekea mwenyewe. Au tuseme aliionyesha bila kuifundisha. Mwana Hashima, kalamu mkononi, aliandika zote mbili. Aliandika kwamba pepo yake iko kwa mume, na kurasa chache baadaye akaandika maneno ya mama anayemwita Mungu bila kumtaja mtu katikati. Hatujaachiwa neno lolote la binti juu ya hayo.

Wala hatukuachiwa jibu la dua. Mwana Kupona alifariki katika miaka ya 1860. Sisi tuliokuja baada ya Nagona (1990) na Mzingile (1991) tumezoea maandishi ambayo kimya cha Mungu ndicho mada yenyewe, kimepambwa mafumbo na falsafa, na tunajiona wa kisasa kwa sababu hiyo. Hapa kimya kipo pia, ila hakikutajwa. Baada ya kuomba mtunzi anataja jina lake na mji wake, na tarehe ameihesabu kwa Kiarabu, elfu na mia mbili na sabini na tano, ikae sawasawa ndani ya mizani minane.